Gauni la Kutokea

4 Februari

Shikamoo dada,

Goti lako linasemaje? Tangu uliponiambia umeanza kupika umekaa kwenye kigoda, nakuona tu kichwani mwangu, umeshika mwiko unawaamrisha wanaume wa kambi nzima. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado yuko palepale kwenye tanuri la mikate, anatoka nyumbani jua likizama na kurudi asubuhi akiwa mweupe wa unga mpaka kope. Mkono wangu unaendelea vizuri. Kazi ipo. Sare za shule zimekwisha, sasa ni zamu ya maharusi, na kila bibi harusi anataka kiuno ambacho Mungu hakumpa.

Kifungo hajambo. Unakumbuka nilivyokuandikia, siku aliyoletwa alishika kifungo cha koti la yule afisa wa ustawi wa jamii mpaka kikang'oka, akabaki nacho kwenye ngumi hata kuoga akawa anaoga nacho. Jina limemganda, siku hizi hata mwalimu wake anamwita hivyo. Mwalimu anasema kwa hesabu anawashinda watoto wote wa miaka saba darasani. Bado tuko kwenye mwaka wa majaribio, ukiisha ndipo mahakama itamwandika kuwa mtoto wetu moja kwa moja.

Ila kuna jambo dogo. Nilimshonea gauni la tatu, gauni la kutokea, la buluu, mikono ya marinda, na shingoni nikatia ile lesi nzuri niliyokuwa nimeificha wateja wasiione. Asubuhi nimelikuta limekatwa kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Halikuchanwa, dada. Limekatwa kwa mkasi wangu wa vitambaa, na mstari umenyooka kuliko ninavyonyoosha mimi. Nilicheka. Shemeji yako naye alicheka, halafu akalikunja akaliweka tusipoliona.

Mwanao alipokuwa mdogo alikuwa na mambo kama haya? Usijali, nauliza tu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa na ina alama ya kiatu, nadhani dereva wa gari la mahitaji aliitumia kujinasua kwenye tope. Ndiyo maisha ya huku. Barabara inasogea na sisi tunasogea nayo, nikishalizoea jiko tunang'oa mahema. Simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, na nimepanda, na goti hili hili. Wanaume wanalalamika chumvi imezidi, kesho yake wanalalamika imepungua. Nimewaambia waje waonje kabla sijapakua, hakuna aliyethubutu.

Kuhusu Kifungo, acha kunitia presha kwa sababu ya kitambaa. Mwanangu alinyoa nyusi zake zote mbili siku ya picha ya shule, na leo yuko chuoni anajiita mtu. Ficha mkasi. Mpe mtoto kazi ya kukunja nguo, mwache akue. Na hilo jina mbadilishieni, mtu akisikia kifungo anafikiri mna mfungwa ndani.

Sasa na mimi nikuulize. Umeandika gauni la tatu. La kwanza na la pili hukuniambia yamekwenda wapi. Umeandika pia kwamba mkono wako unaendelea vizuri. Mkono upi? Sikuwa na habari kama unaumwa mkono. Nimekubeba mgongoni mimi, nakujua, ukianza kuniambia nisijali ndipo ninapoanza kujali.

Jibu upesi. Gari linarudi huku mwisho wa mwezi ujao.

Dada yako


16 Machi

Shikamoo dada,

Tunaendelea. Shemeji yako anakusalimu, anasema siku ukija atakuokea mkate wa umbo la goti. Mvua zimeanza na paa la chumba cha kushonea linavuja pale pale juu ya cherehani, basi nimehamia ukumbini.

Umenibana, nami sina pa kujificha. Gauni la kwanza alilisukumia kwenye mtaro nyuma ya nyumba. La pili alilitia kwenye jiko la mkaa, nikakuta vishikizo vimeyeyuka. Mkono, nilitaka kumpima, nikapitisha futi yangu ya kupimia kifuani kwake tu, akaniuma. Aling'ang'ania. Shemeji yako ndiye aliyemwachisha.

Futi zangu za kupimia zilikuwa zinapotea moja moja, nikawa namsingizia msichana anayenisaidia kudarizi. Juzi nimegeuza godoro la Kifungo nikazikuta zote. Zimekatwa vipande vidogo vidogo kama tambi, na amevipanga kwa rangi. Chini ya mto ulikuwepo ule mkasi mkubwa. Nilipoinua macho yeye alikuwa mlangoni ananitazama. Hakulia wala hakukimbia. Alitazama tu mkono wangu ulioshika mkasi. Na nikuambie lingine, analala na viatu. Nikimvua anavaa tena.

Sasa chumba cha kushonea nakifunga kwa ufunguo.

Mwalimu wake ametuelekeza hospitali kubwa, kuna mwanasaikolojia wa watoto, mwanamke, anasifiwa sana. Foleni ni ndefu, siku yetu ni mwishoni mwa Mei. Nilifurahi. Nikamkalisha mtoto mapajani, nikamwambia kwa sauti nzuri kabisa, "Mwanangu, tutakwenda mahali ukapimwe, halafu mambo yote yatakuwa sawa." Akatelemka polepole. Nilipogeuka kuzima jiko, hayupo. Tulimtafuta mtaa mzima, majirani wakatoka, shemeji yako akaja mbio kutoka kazini, watu wakaanza kuchungulia visimani. Kumbe alikuwa chini ya meza yangu ya kukatia, nyuma ya majora ya vitambaa, amejikunja, amejikojolea, na amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili nisisikie anavyopumua.

Ninaogopa, dada. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nimeliandika tena.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo, dereva ananipigia honi.

Mrudishe.

Nimesoma barua yako nikaunguza chakula cha kambi nzima. Umeandika unafunga chumba cha kushonea. Hukuandika kama unafunga na chumba unacholala. Mumeo yuko kwenye tanuri usiku kucha, wewe uko peke yako na mtoto mwenye mkasi chini ya mto. Usiniambie ana miaka saba. Mkasi haujui umri wa aliyeushika.

Najua ulivyomsubiri mtoto. Najua miaka yote ile, na hospitali zote zile, na mashemeji waliokusema. Lakini mimi nina mdogo mmoja tu. Kituo alikotoka kina watu waliosomea kazi hiyo, wampokee. Hakuna atakayekucheka, na atakayecheka mlete kwangu.

Dada yako


30 Aprili

Shikamoo.

Natumaini goti lako ni zima. Sisi tupo.

Wiki iliyopita afisa wa ustawi wa jamii alibisha hodi bila taarifa. Koti ni lile lile, kifungo kimoja ni tofauti na vingine. Alikaa ukumbini, akakataa chai, akaniuliza kama ni kweli nimekuta "mkasi chini ya mto". Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Akauliza kuhusu kuumwa mkono. Akauliza kama nafunga chumba ninacholala. Shemeji yako hajazungumza na mtu. Majirani wanajua mtoto alipotea, hawajui habari ya mkasi. Hayo niliyaandika mara moja tu, kwa mtu mmoja.

Afisa amesema mtoto apimwe na ripoti imfikie. Ripoti ikisema ni hatari, atarudishwa kituoni kabla ya Juni kwisha, na mwaka wa majaribio utafutwa. Mwanzo nilikuwa nahesabu siku za kwenda kwa yule mwanasaikolojia kwa hamu. Sasa naiogopa ile hospitali kama mtu anayeitiwa hukumu. Nikimweleza yote, namkabidhi mtoto mwenyewe. Nikificha, hatasaidiwa.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Tulipokuwa tunazungumza, Kifungo aliingia chumbani kwake. Akatoka na mfuko wa plastiki, ametia daftari lake, mswaki, na kile kifungo. Viatu alikuwa navyo tayari. Akasimama mlangoni kando ya afisa, hakutoa hata chozi, akaniuliza taratibu, "Mbona sijapimwa bado, na nakwenda?"

Nikamwambia hospitali bado, siku haijafika. Akanitazama kama nimesema kwa lugha asiyoijua.

Nakuuliza jambo moja tu, dada. Unalijua. Nijibu.


19 Mei

Mdogo wangu,

Goti langu limevimba. Kambi imehamia kwenye kilima, upepo unazima moto kila saa, nimejengewa ukuta wa mabati. Msimamizi mpya anakula kama ndege, sijui atawezaje kuwapigia kelele watu. Mwanangu ameandika, anataka viatu. Yeye anaandika akitaka viatu tu.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naishia kwenye viatu.

Siku ile dereva aliponipigia honi, alichukua kutoka kwangu barua mbili.

Uliniambia unaogopa. Mimi niko huku, siwezi kukimbia kuja, siwezi hata kukupigia simu nisikie kama unapumua. Kila gari likichelewa nilikuwa nasema basi, mdogo wangu ameshachomwa mkasi. Sikuombi unielewe.

Mwambie huyo mwanasaikolojia kila kitu. Hata habari ya mlango.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Nilikasirika hata kukusalimia nikashindwa, na bado sijapoa vizuri. Ila yaliyotokea sina mwingine wa kumweleza. Shikamoo.

Tulikwenda. Sikumwambia mtoto tunakwenda wapi, nilisema tunatembea, na njia nzima alikuwa amenishika upindo wa gauni kama kipofu. Chumba chenyewe kidogo, kuna mkeka, wanasesere, dirisha la vioo vyeupe. Nilitegemea mashine. Yule mama mwanasaikolojia alivua viatu akakaa chini, akampa Kifungo sanduku la vichezeo, akamwambia achague apendacho. Kisha akanigeukia mimi.

Nilimwambia yote. Mkasi, jiko, mkono, mlango. Ndiyo, dada, nafunga mlango wa chumba cha kulala. Umeridhika? Kila ninalolisema nilikuwa nalisikia linavyosikika. Naye kila nikimaliza tukio moja ananiuliza swali lile lile, "Na kabla ya hapo, kulikuwa na nini?" Nikasema, nilikuwa nimemshonea gauni. Na kabla ya lile la jiko? Gauni. Na kuumwa? Nilikuwa nampima gauni. Na kukimbia chini ya meza? Hapo nikasema, hapana mama, siku hiyo hapakuwa na gauni, nilimwambia tu tutakwenda akapimwe.

Nikajisikia nimelisema. Kupimwa.

Kwenye mkeka Kifungo alikuwa amechana ukanda wa karatasi. Akamzungushia mwanasesere mmoja kifuani, akamgeuza, akampima mgongo, kama ninavyofanya mimi kabisa, hata kushika pini mdomoni alijifanya. Halafu akambeba, akafungua mlango, akamweka nje kwenye korido, akaufunga. Yule mama akamuuliza, "Huyo anakwenda wapi?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Ameshapimwa. Gauni lake la kutokea likiwa tayari, anatoka."

Dada, kwa maswali ya yule mama yote yakatoka: pale kituoni mtoto akipata wazazi, anaitwa fundi anampima, anashonewa gauni jipya la kuondokea. Kifungo alipimwa akapelekwa kwa watu wa kwanza. Baada ya muda wakamvalisha gauni jipya, wakamrudisha. Akapimwa tena kwa watu wengine. Nao wakamrudisha, na gauni jipya. Mimi niliambiwa tu kwamba "amewahi kulelewa kwingine". Halafu ameletwa kwa nani? Kwa fundi cherehani! Mtu anayeamka na futi shingoni. Mimi kila moyo ulipojaa mapenzi nilikuwa namwita, "Njoo nikupime gauni la kutokea," na kila nilipomwona ananuna nasema labda halikumpendeza, ngoja nimshonee zuri zaidi.

Mkasi ule ulikuwa wa magauni. Viatu ni vya kutokuondoka peku, watu wa pili walimrudisha bila viatu. Amesema mwenyewe, kwa mwanasesere, si kwangu.

Nililia mbele ya yule mama mpaka Kifungo akasogea akaniangalia puani kwa karibu sana.

Usidhani mambo yameisha. Yule mama ameniambia waziwazi kwamba hofu ya namna hii haitoki kwa siku moja, tutarudi kila wiki, na kuna siku ataharibu kitu tena. Nisishone chochote chake mpaka atake mwenyewe. Mkasi niuweke mbali. Mlango, kama naweza, niuache wazi. Ripoti amemwandikia afisa kwamba mtoto si hatari, na kwamba kumhamisha sasa ndiyo hatari yenyewe. Afisa hajajibu. Kila mlango ukigongwa nachungulia dirishani kwanza.

Usiku wa leo nimeuacha mlango wazi. Siwezi kukudanganya, nimeuacha wazi na ninaogopa.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, mara mia. Nimeketi nyuma ya mabati nimelia, msimamizi akaja kuuliza chakula, nikamwambia ni moshi.

Afisa nimemwandikia tena. Nimemwambia ile barua ya kwanza iliandikwa na mtu mwenye hofu asiyejua alisemalo, na kama anataka kumrudisha mtu kituoni anirudishe mimi. Sijui kama itasaidia au itaharibu, mkono wangu una gundi ya balaa. Likizo yangu ni Septemba. Nataka kuja, ila nimefikiri, mtoto akiona mgeni mwenye begi atasema ndiye huyo amekuja kumchukua. Basi umwambie mapema. Mwambie mama mkubwa wake ni mnene, ana goti bovu, hawezi kumkimbiza mtu, na anakuja kukaa, haji kuchukua. Nilitaka kumletea kitambaa, nikauma kidole.

Usinijibu kama bado hujapoa. Lakini nijibu.

Dada yako


8 Agosti

Shikamoo dada yangu,

Nimepoa. Shemeji yako anasema sikupoa, nimechoka tu kukasirika, ila yeye hupenda kunikosoa asubuhi akiwa hajalala.

Afisa amejibu. Mtoto abaki mpaka mwaka wa majaribio uishe, kisha mahakama. Amekuja mwenyewe kutwambia, safari hii bila koti. Kifungo alipomwona alijificha nyuma ya cherehani, akabaki huko mpaka jioni. Wiki ile ile amemwaga mafuta ya cherehani juu ya shela la bibi harusi, nikapoteza mteja na sauti yangu. Ndiyo hivyo. Siku nzuri zipo, na siku ambazo nasimama jikoni nikijiuliza nimejitia katika nini.

Sasa sikiliza ya juzi. Karefuka, au niseme gauni limefupika, lile alilokuja nalo. Magoti yote nje. Wenzake wakamcheka mtaani. Mimi nikajifanya sioni, nikawa nashona mapazia ya watu, futi nimeificha mfukoni kama mwizi. Akaja akasimama kando yangu. Akatoa kwenye soksi futi moja ya manjano, nzima, haijakatwa, sijui aliificha wapi siku zote hizo. Akaiweka juu ya meza.

"Nipime," akasema.

Dada, mimi fundi wa miaka yote hii, nilishindwa kushika kichwani hata namba moja. Nikamwambia si lazima. Akasema, "La kutokea?"

Nikasema, "Hapana. La kushindia. La kushinda hapa hapa nyumbani, kuchezea, kuchafulia."

Akafikiri. Akainua mikono. Nilimpima haraka, nusu nimefumba macho, yeye naye anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, na viatu amevaa. Nikakata, nikashona usiku ule ule nisije nikabadili mawazo.

Asubuhi likamvaa kama gunia! Nilikosea vipimo vyote, mabega yanaangukia kwenye viwiko, pindo linafagia sakafu. Aibu ikanishika, nikamwambia, "Vua mwanangu, nilipunguze, limekuwa kubwa mno."

Akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikajua ndiyo basi, sasa atauma.

"Liache," akasema. "Nitalijaa."

Mdogo wako

Nimemwambia kuhusu Septemba. Anauliza, mama mkubwa huwa anavua viatu akilala?